Panda Komuni, Shuka Kilima

Jumatatu, 4 Oktoba 2004. Ngara

Mvua ya kwanza ya vuli imeanguka leo saa saba mchana, na mimi nimeanza daftari. Mama alinipa nilipokuwa naondoka Biharamulo mwezi Agosti. Alisema, "Fathiya, wewe una maneno mengi. Mengine yaweke humu, watu wapumzike." Haya, karatasi, pole yako.

Nieleze kazi kwanza. Mimi ni karani wa kompyuta katika ofisi ya kutafuta ndugu, nje kidogo ya kambi ya wakimbizi wa Burundi. Aliyepotezana na mke, mtoto au mzazi anakuja dirishani, tunaandika jina lake, mkoa wake, komuni yake, ambayo kwao ni kama wilaya, na kilima chake, ambacho ni kama kijiji, kisha tunaanza kutafuta. Tuko wanne tu. Mkuu wetu ni Mzee Danstan, Mhangaza wa hapahapa, mtu asiyekimbia hata mvua ikimkuta njiani. Shingoni ana kamba yenye ufunguo wa droo. Ndani ya droo ile ndimo walimo watu waliofichwa, yaani wale walioomba wasipatikane kwa sababu wanaowatafuta wanawatakia mabaya. Wilaya ya Biharamulo nao wana droo yao, inatunzwa na dada mmoja anaitwa Benedicta. Sheria ni kwamba droo mbili hazionani: anayetunza moja hajui majina ya nyingine.

Wa tatu ni Anatory, fundi wa kompyuta kutoka Bukoba, na huyu majivuno yake hayaingii mlangoni. Ameandika seva yake mwenyewe, ile programu inayopokea anwani uliyoiandika na kukuletea ukurasa. Ameipa jina Rusumo kwa sababu kurasa zitamiminika kama maporomoko ya jina hilo. Tarehe 25 Novemba Rusumo itafunguliwa rasmi: kompyuta tatu zitawekwa kambini na kila mtu atatafuta ndugu zake mwenyewe, na picha zao ataziona. Watu zaidi ya mia sita wamejiandikisha kwenye foleni. Nina furaha hadi naona aibu.

Wa nne ni Eustakia, mama wa Kirundi anayetuchemshia chai. Hacheki.


Jumanne, 5 Oktoba

Mvua. Watu kumi na tisa dirishani.


Alhamisi, 7 Oktoba

Leo nimekaripiwa. Alikuja mama mmoja, akaanza kunisimulia alivyokimbia: kilima hiki, kisha kile, mto, msitu, kilima kingine. Mimi nikawa naandika vyote, nimejaza kurasa mbili na machozi yananilenga. Mzee Danstan akachungulia begani kwangu.

"Binti, njia yote hii ya nini?"

"Ndiyo aliyopita, mzee."

"Njia wanapita elfu, na kila mtu anaieleza kivyake. Wewe andika alipofika. Kilima gani? Hicho tu."

Halafu akanifundisha jambo la pili, na hili nimelipenda. Ukimtafuta mtu kwenye kilima chake usimpate, usimwambie ndugu yake kwamba hayupo. Watu walihamahama kabla ya vita, wengine waliandikishwa kwa mjomba. Unarudi juu kwenye komuni, kisha unashuka kilima cha jirani. Ukimkosa, unapanda tena, unashuka kingine. "Panda komuni, shuka kilima," anasema hivyo kutwa nzima, na sasa na mimi naota hivyo.


Jumatatu, 11 Oktoba

Nimegombana na mlango wa jikoni. Kufuli lipo, jipya, na funguo zipo. Lakini Eustakia analiacha linaning'inia bure, anafunga mlango kwa kamba ya mgomba, na fundo lake mwenyewe lenye masikio mawili. Ukivuta sikio la kulia linakaza, ukivuta la kushoto linakaza zaidi. Nilitaka maji tu! Nimehangaika robo saa, kucha imekatika, hadi yeye mwenyewe akaja, akagusa mahali, likafunguka.

"Dada Eustakia, si utumie kufuli kama watu?"

"Kufuli kila mtu anajua," akanijibu, akaingia zake.

Sijui ana nini yule mama.


Jumamosi, 16 Oktoba

Ramadhani imeanza. Saumu na mvua vinapatana, kiu haipo.


Jumatatu, 18 Oktoba

Eustakia ameniwekea chai kwenye chupa, kaifunga ndani ya kanga. "Ya jioni," kasema. Nilifuturu nayo chumbani kwangu ikiwa bado ya moto. Basi nayarudisha maneno yangu kidogo, si yote.


Jumatano, 20 Oktoba

Leo nimeona nisichopaswa kukiona.

Asubuhi alikuja babu mmoja kutafuta mjukuu wake wa kike, wa kilima cha Gasenyi. Nikaenda Gasenyi kwenye Rusumo, hayupo. Mzee Danstan akapaza sauti kutoka chumba cha pili: "Panda komuni, shuka kilima!" Sasa kompyuta yangu ni kobe, kurudi nyuma ukurasa mmoja ni dakika nzima, na babu amesimama na mkongojo wake. Nikakumbuka kwamba Anatory, akiwa anaandika amri zake kwenye kile kidirisha cheusi, hutumia nukta mbili kusema "rudi juu ngazi moja". Mwisho wa anwani za Rusumo kuna neno *fungua*, na baada yake folda: mkoa, komuni, kilima, zimetenganishwa na vimstari vilivyoinama. Nikaona nijaribu tu. Baada ya Gasenyi nikaongeza mstari, nukta mbili, mstari, na jina la kilima cha jirani, Rubira.

Ukurasa ukafunguka palepale! Na mtoto yumo! Picha yake, ana miaka tisa, yuko kwa mama mmoja mtaa wa pili wa kambi hii hii. Babu akaweka mkongojo chini, akashika kioo cha kompyuta kwa mikono miwili, nami nikashindwa kumwambia asiguse.

Alipoondoka nikabaki nimewaka. Nikajiuliza, hivi mtu anaweza kupanda hadi wapi? Nukta mbili, niko kwenye komuni. Nukta mbili tena, mkoa. Tena, mikoa yote. Nilidhani hapo Rusumo itanikatalia. Nikaongeza nukta mbili nyingine, na ikanitoa nje kabisa, ndani ya kompyuta yenyewe, na kwa adabu ikanipangia majina ya folda zilizopo. Moja inaitwa *akiba*. Nikaingia. Ndani kuna mbili: *ngara* na *biharamulo*.

Nilijua ni nini kabla sijabofya. Nikabofya.

Nilichosoma sitakiandika hapa. Nimesoma kurasa mbili, nimefunga, nimekaa. Tarehe 25 Novemba mtu yeyote kambini ataweza kufanya nilichofanya mimi.


Alhamisi, 21 Oktoba

Nimemwambia Mzee Danstan kila kitu. Shikamoo, marahaba, nikamwomba akae kwenye kiti changu, nikamwandikia nukta mbele ya macho yake. Alipoiona folda ya *ngara* alishika ufunguo wake shingoni kama mtu anayehakikisha upo. Upo, ndiyo. Droo imefungwa vizuri sana, na nakala yake iko wazi ubavuni.

Anatory akaitwa. Mwanzo alicheka, kisha akakasirika, kisha masikio yakamwiva. Folda ya akiba ni yake: kompyuta ya pili iliuawa na radi mwezi Septemba, mpya itafika Desemba, na diski tulizojaribu kuwekea nakala zimeota ukungu. Droo zote mbili alizihifadhi pamoja kwenye kompyuta ileile ya Rusumo, bila kusoma hata jina moja.

"Lakini nani mwingine angeandika nukta katikati ya anwani?" akauliza. "Mtu wa kawaida hafanyi hivyo."

"Hapa hatuna mtu wa kawaida," Mzee Danstan akasema. "Hapa wote tumefundishwa kupanda na kushuka."

Amempa siku moja azibe. Kisha akanigeukia mimi.

"Ulifungua kurasa ngapi?"

"Mbili, mzee."

"Wa kwanza ilikuwa ajali. Wa pili ulikuwa wewe."

Nikainamisha kichwa kwa sababu ni kweli. Akaniuliza kama nimewahi kuandika haya popote. Nikamwambia nina daftari. "Na hilo daftari linalala wapi?" Chini ya mto wangu, nikasema. Basi kuanzia leo linalala kwenye droo yake, naandika ofisini baada ya kazi, naye ananisubiri mlangoni akiangalia mvua. Hasomi. Nimemuuliza, akaona nimemtukana.

Kwa kuwa sasa daftari limefungiwa, naandika. Ukurasa wa kwanza niliufungua bila kuchagua, na picha iliyotokea ilikuwa ya Eustakia. Jina lake la kweli ni Nimpaye, wa Gasenyi. Yeye na mumewe waliwaona kwa macho yao wanaume waliochoma maghala ya kilima chao watu wakiwa ndani, nao wakawataja mbele ya hakimu. Baadhi ya wanaume hao wako kambini humu, hatua mia tatu kutoka kwenye sufuria yake ya chai. Ndiyo maana Mzee Danstan alimpa jina jingine na kazi ndani ya uzio. Mstari wa mwisho ulisema: anamtafuta mume wake, Ndikuriyo.

Na mimi kazi yangu ni kutafuta. Vidole vilikwenda vyenyewe kwenye folda ya *biharamulo*, majina yamepangwa kwa herufi, nikashuka hadi N. Yupo. Ndikuriyo wa Gasenyi, amefichwa kwa jina jingine kwa wakulima wa Kaniha, tangu miaka mitano iliyopita. Mstari wa mwisho: anamtafuta mke wake, Nimpaye.

Kila mmoja aliuliza, na kila mmoja akajibiwa kwamba mwenzake hayupo kwenye orodha, kwa sababu orodha iliyofungwa haitafutwi.

"Mzee," nikamwambia, "tuwaambie!"

"Ulichokiona kupitia tundu hukukiona."

"Lakini..."

"Na kama siye? Kama ni mmoja wa wale wachoma maghala, kajiandikisha kwa jina la mumewe ili amfikie? Hilo umelifikiria?"

Sikuwa nimelifikiria. Nimeamriwa ninyamaze, la sivyo kazi basi.


Ijumaa, 22 Oktoba

Anatory kaziba. Rusumo sasa ikiona nukta mbili na mstari inavifuta kabla ya kufungua. Kanionyesha mara sita. Nimepiga makofi.

Eustakia kanipa chupa ya chai. Nimeshindwa kumtazama usoni.


Jumatatu, 25 Oktoba

Nimeivunja tena! Ee Mola, nisamehe kwa furaha niliyonayo.

Nilikuwa nachora kwenye karatasi chakavu, kwa sababu mvua imewazuia watu. Rusumo inafuta nukta mbili na mstari, sawa. Je, nikiandika nukta nne na mistari miwili? Nukta mbili za katikati na mstari mmoja zinafutwa. Zinazobaki pembeni, nukta mbili huku na mstari kule, zinasogeleana na kushikana. Na zikishikana zinakuwa nini? Nukta mbili na mstari! Rusumo imefuta kwa mkono mmoja na kuniandikia kwa mkono wa pili.

Nilimwita Anatory, nikabofya. *akiba*. Alitazama, kisha, jambo ambalo sikulitarajia, akaanza kucheka, akagonga meza.

"Fathiya, wewe ni mwizi wa kuzaliwa."

"Ukoo wetu ni wa wafanyabiashara, bwana. Tunajua jinsi mtu anavyoingia dukani."

Akavuta kiti. Tangu leo tumekuwa wawili kwenye kazi hii.


Jumanne, 26 Oktoba

Kaziba tena: inafuta, inaangalia, inafuta hadi hakuna cha kufuta.


Jumanne, 2 Novemba

Siku ya majaribio. Kompyuta moja imewashwa kambini kwa saa mbili tu, foleni imezunguka ghala la mahindi. Mabinti wawili wamempata baba yao. Watu wanapiga vigelegele, mvua inawanyea na hakuna anayekimbia. Nimelia, sioni haya kusema.

Kisha tukarudi ofisini kusoma rejista, kwa maana Rusumo inahifadhi kila anwani iliyoombwa. Anatory alikuwa anasoma kwa sauti, anajisifu kila mstari. Akafika mahali akapunguza sauti.

"Mtu mmoja ametafuta jina moja mara kumi na moja."

"Jina gani?" nikauliza, ingawa nilishalijua.

"Nimpaye."

Mara kumi na moja, hakuna kitu. Mara ya kumi na mbili aliacha kutumia kisanduku cha kutafutia, akaenda mwisho wa anwani na kuandika Gasenyi kwa mkono. Yaani kwa siku moja amejua nilichokijua mimi baada ya wiki mbili. Zimebaki nukta tu.


Jumatano, 3 Novemba

Leo kaja dirishani mwenyewe. Mwanamume nadhifu, kofia mkononi, Kiswahili chake kizuri kuliko changu. Anamtafuta shemeji yake, anasema, anaitwa Nimpaye, familia ina wasiwasi naye. Nyuma yangu nikasikia birika likiwekwa mezani polepole sana. Eustakia alikuwa amesimama nyuma ya kabati la mafaili, mahali ambapo mtu wa dirishani hamwoni.

Mzee Danstan akaja bila haraka. "Jina hilo hatuna kwenye orodha yetu, ndugu yangu."

"Basi nitatazama mwenyewe mkifungua," yule mtu akasema, akacheka kidogo, akaaga.

Hofu ilikuwa bado imenishika nilipokaa kwenye kiti, na nikaitumia hiyohiyo. Niliwahi kuona kwamba jina lenye nafasi katikati, likipita kwenye anwani, ile nafasi inageuka kuwa alama ya asilimia na tarakimu. Nikamuuliza Anatory. Akaeleza kwamba kila alama ina namba yake ya kompyuta, hata nukta. Tukatazamana.

"Rusumo inafasiri namba lini?" nikauliza. "Kabla ya kufuta nukta au baada?"

Akavuta kibodi. Akaandika mwenyewe, asilimia na namba ya nukta, mara mbili mbili. Rusumo ikatafuta nukta, haikuona nukta yoyote, ikaruhusu. Halafu ikafasiri namba, na nukta zikazaliwa zikiwa zimeshapita mlango. *akiba*.

Hakucheka safari hii. Alisema tukiziba hilo kuna jingine, na baada ya hilo jingine, na kwamba labda Mzee aahirishe ufunguzi. Mzee akakataa. Akatuonyesha rundo la barua za wanaosubiri, akasema katika zile yumo babu mwingine kama yule wa mkongojo. Yule mtu wa dirishani ana siku ishirini na mbili, kasema, na sisi pia.


Alhamisi, 4 Novemba

Nimeamka wakati wa daku nikiwa nacheka peke yangu. Mwenye nyumba kadhani nimepagawa.

"Njia wanapita elfu, na kila mtu anaieleza kivyake. Wewe andika alipofika." Kwa wiki mbili sisi tunakagua njia! Tunatazama nukta, mistari, asilimia, tunamhoji mtu alivyosema. Alivyosema kuna maana gani? Acha aandike anavyotaka, hata kwa Kichina. Rusumo ifasiri yote, ifuate njia hadi mwisho, isimame, ijiulize swali moja tu: nimefika wapi? Kama mwisho wa safari uko ndani ya folda ya tovuti, fungua. Kama uko nje, hata kwa hatua moja, funga.

Nilikimbia kwenye matope hadi ofisini. Anatory alinisikiliza akiwa na mswaki mdomoni.

"Nani kakufundisha hivyo?"

"Mzee Danstan, na hajui kuwasha kompyuta."


Jumanne, 9 Novemba

Siku nne. Anatory ameandika, mimi nimevunja. Hana tena yale majivuno, au labda anayo na mimi nimeyazoea. Njia arobaini na tatu nimeziandika kwenye orodha: nukta mbili, nukta nne, asilimia, asilimia ndani ya asilimia, mistari iliyoinamia upande wa pili. Zote arobaini na tatu, Rusumo imejibu mstari mmoja: *Hakuna ukurasa huo.* Na panda komuni, shuka kilima bado inafanya kazi, kutoka Gasenyi hadi Rubira bila kikwazo, kwa maana safari hiyo inaishia ndani.

Tumerukaruka ofisini kama watoto wa shule siku ya kufunga. Mzee kauliza kama kuna nyoka.


Jumatano, 17 Novemba

Nimerudi kutoka nyumbani. Idi ilikuwa Jumapili: pilau, dada zangu, baba akiniita "bwana kompyuta" mbele ya wateja. Nilifurahi, lakini kila kikombe cha chai kilinikumbusha mtu. Sisi tulikaa mkeka mmoja, watu kumi na wawili. Njiani kurudi tulisimama Nyakahura sokoni, watu wa Kaniha wameleta mihogo na asali kuuza, na nikajikuta natazama kila mwanamume mwenye umri wa Ndikuriyo.

Leo nimemwendea Mzee Danstan nikiwa tayari kufukuzwa.

"Mzee, tundu tumeziba. Sasa niache niseme bila tundu."

"Sema."

"Droo mbili hazionani, ndiyo maana watu wawili hawaonani. Sikuombi umwambie yuko wapi. Nakuomba ufungue droo yako kwa ufunguo wako, umuulize mwenye ukurasa kama anataka ukurasa wake uonwe na Benedicta. Yeye mwenyewe. Na Benedicta afanye vivyo hivyo kwa yule wa kule. Akikataa mmoja, basi."

Aligeukia dirisha. Mvua ilikuwa inapiga bati.

"Miaka minane nimelinda droo hii," akasema. "Sikuwahi kufikiri kwamba inaweza kumfungia mtu nje ya nyumba yake."

Akavua ufunguo.


Alhamisi, 18 Novemba

Eustakia ameulizwa. Nilikuwepo kwa ombi lake. Hakulia. Alikaa na mikono mapajani, akamsikiliza Mzee hadi mwisho, akasema, "Ego," yaani ndiyo. Kisha Mzee akamweleza hofu yake, kwamba mtu huyo anaweza kuwa siye, na kwamba lazima tumuulize jambo analolijua mume peke yake.

"Msimuulize kwa maneno," Eustakia akasema. "Maneno yetu yote wanayajua. Walikuwa majirani."

"Tumuulize kwa nini basi?"

"Mume wangu ni mtu wa nyuki. Mzinga ukitundikwa juu ya mti, upepo usiushushe na mwizi asiufungue, anaufunga kwa fundo lake. Alinifundisha mimi tu. Mpeni kamba ya mgomba. Mwambieni, funga mzinga. Msimwambie lingine."

Mimi nilikuwa natazama mlango wa jikoni.

Barua na kamba vimeondoka na gari la ofisi kwenda kwa Benedicta.


Jumatatu, 22 Novemba

Barabara imekatika. Hakuna gari.


Alhamisi, 25 Novemba

Tumefungua! Kompyuta tatu, wageni, hotuba ndefu, ngoma. Watu mia mbili na kumi wametafuta leo, na kumi na wanne wamepata mtu. Rejista tumeisoma mstari kwa mstari. Saa nane na dakika kumi, kompyuta ya pili, mtu ameandika *Nimpaye*. Kisha Gasenyi kwa mkono. Kisha, Mungu wangu, nukta mbili. Mara moja, mara nne, mara tisa.

*Hakuna ukurasa huo.* Mara kumi na nne mfululizo. Halafu akaondoka.

Mzee kaipeleka rejista hiyo kwa afisa wa usalama wa kambi. Anatory kaniletea soda, na mimi nimeinywa yote bila kumtania.


Ijumaa, 26 Novemba

Gari halijafika.


Jumatano, 1 Desemba

Gari halijafika. Eustakia ameunguza maziwa, mara ya kwanza tangu nimjue.


Ijumaa, 3 Desemba

Limefika saa tano, matope hadi kwenye kioo. Kompyuta mpya imo, imefungwa turubai. Anatory kaikumbatia kama mtoto, na kabla ya saa saba folda ya *akiba* ilikuwa imehamia kwenye mashine isiyounganishwa na kitu chochote.

Na bahasha imo. Benedicta ameandika mistari michache tu: kwamba yule wa kule amekubali ukurasa wake uonwe; kwamba alimkuta shambani Kaniha, akampa kamba, akamwambia funga mzinga. Yule mtu alimtazama, akauliza, "Nani kawatuma?" Benedicta akarudia yaleyale. Basi akafunga, akafungua, akafunga tena ili fundo liwe sawa.

Mzee Danstan alinipa bahasha. "Mpelekee wewe. Wewe ndiye uliyempandia komuni."

Mlango wa jikoni ulikuwa umefungwa na fundo lake, naye alikuwa nje anapepeta mchele. Nikaitoa kamba nikaiweka kwenye ungo, juu ya mchele. Fundo lenye masikio mawili. Nilililinganisha na lile la mlangoni, na mimi niliyelipigania msimu mzima nilishindwa kuona tofauti.

Hakulivuta kwanza. Aliligeuza kwa ncha ya kidole, akatafuta upande wa chini, na pale nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona: kimkia kidogo kilichojificha ndani ya fundo. Akakivuta. Fundo lote likaachia, ikabaki kamba tupu.

"Ni yeye," akasema.

Kisha akacheka. Nimeandika mwanzoni kwamba hacheki, nafuta. Alicheka hadi mchele ukamwagika, akanishika mabega, akaniuliza gari linarudi saa ngapi. Saa nane, nikamwambia. Akasimama, akaufungua mlango wa jikoni kwa mvuto mmoja, akaingia kuchukua kanga zake, na kamba ya mlangoni akaiacha palepale chini.

Naandika haya saa kumi. Mzee hajadai daftari. Amesema linaweza kurudi chini ya mto wangu, kwa kuwa mwenye jina ameruhusu liandikwe. Chai ya leo nimechemsha mimi. Anatory kasema ni maji ya moto yenye majuto, akanywa vikombe viwili. Nimpaye alipanda gari mbele, pembeni ya dereva, mikono yake mitupu mapajani, na alipokuwa anaondoka nilimuuliza kwa nini hajafunga hata kifurushi chake cha kanga.

"Mwenye kufunga ananingoja," akasema.